Geuza Riziki Urudi Nyumbani

Tangu nistaafu, wenzangu mliobaki idara ya kilimo mmenitembelea Mikindani mara tatu, na mara zote tatu swali lenu ni lile lile. Hamniulizi ugonjwa wa ubwiri unga wala mbegu mpya za mikorosho, mambo niliyoyahangaikia mpaka nywele zikageuka rangi. Mnauliza, "Bibi shamba, ile pikipiki yako ilikuwa inakunywa nini?" Mnasema mnajaziwa tangi Jumatatu, na Alhamisi mnasukuma. Nimeona niandike, maana kila nikianza kueleza kwa mdomo mmoja wenu anapokea simu.

Pikipiki nilipewa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kabla ya hapo nilikuwa na baiskeli, na kabla ya baiskeli miguu. Ilikuwa ya buluu, imeshatumiwa na mtu mwingine aliyekuwa mzito, maana kiti kilikuwa kimebonyea umbo lisilo langu. Ni zile za zamani ambazo petroli lazima uichanganye na oili kabla ya kuitia, na moshi wake ulifika kijijini kabla ya sauti. Dereva wa ofisi alinifundisha siku mbili uwanjani. Siku ya tatu nikapita nayo Mikindani, na watu wakatoka barazani kuangalia. Mama yangu alisimama mlangoni, akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Basi angalau funga ushungi vizuri."

Eneo langu la kazi lilikuwa vijiji vya Nanyamba. Kila asubuhi nilitoka Mikindani kwa lami hadi Mtwara, nikapita Naliendele, halafu barabara kuu ile ya vumbi na mchanga mpaka juu. Jioni narudi. Wiki ya kwanza niliendesha kama watu wote wanaopewa pikipiki mpya: mafuta yote, na upepo masikioni. Nakiri nilifurahi sana. Furaha iliisha Jumatano, na mafuta yangu ya wiki yakaisha nayo.

Dereva akanipeleka kwa Fundi Anselmo, mtaa wa Chikongola pale Mtwara mjini. Huyu alikuwa Mmakonde wa upande wa Msumbiji, alivuka Ruvuma kijana zamani za vita, akabaki. Ufundi aliujifunza kwa Wareno, na maneno yake ya kazi yalikuwa ya Kireno nusu. Petroli kwake ni gazolina. Polepole ni devagari. Ulimi wake ulikuwa unateleza kwenye baadhi ya herufi, na mimi binti wa Mikindani, niliyejiona najua Kiswahili kuliko dunia nzima, sikutaka kumwambia arudie. Alizunguka pikipiki yangu mara mbili, akaligonga tangi, akaninyooshea kidole cheusi kwa grisi na kusema maneno ambayo mimi niliyasikia hivi:

"Piki ikisita njiani, usihangaike, mwanangu. Geuza, riziki, urudi nyumbani."

Nikaona, mzee mcha Mungu huyu. Siku mbili baadaye, mbele kidogo ya Naliendele, pikipiki ikasita, ikakohoa, ikazima. Nikakumbuka maneno yake. Nikaigeuza ilikotoka, nikasema riziki ya leo haipo, nikaanza kusukuma kurudi nyumbani. Nilisukuma mpaka Chikongola. Sketi imelowa jasho, viatu vimejaa mchanga, na kina mama wa sokoni wanauliza kama farasi wangu amekufa.

Fundi Anselmo akachuchumaa, akagusa koki ya mafuta chini ya tangi, akaizungusha kwa kidole kimoja. Akapiga kiki. Ikawaka.

"Sikukwambia geuza rezerva urudi nyumbani?"

Hapo ndipo nikaelewa kwamba koki ile ina sehemu tatu: kufunga, kufungua, na rezerva, yaani akiba ya chini ya tangi inayobaki mafuta ya kawaida yakikauka. Nilikuwa nimesukuma pikipiki yenye zaidi ya lita nzima ndani. Fundi alicheka mpaka akakaa chini kwenye kopo la rangi. Dereva akazifikisha habari ofisini, na tangu siku ile mpaka mimi nastaafu, hakuna mtu ofisini kwetu aliyeita akiba ile jina jingine. "Nimefika kwa riziki." "Usiniazime, nimebaki na riziki tu." Sasa mmejua neno hilo lilikotoka. Mlidhani ni dini.

Baada ya kucheka alipanda nyuma yangu, akaniambia niendeshe mpaka Naliendele nikitaka kujifunza. Kila niliposhika breki alinipiga kofi dogo begani. "Moja." "Mbili." Tulipofika alikuwa amefika kumi na saba.

"Kumi na saba umemwaga chini," akasema. "Unavuta gazolina ukimbie, halafu unashika breki usimame. Sasa ile uliyovutia iko wapi? Mkono wako una hasira, mwanangu. Tazama mbele. Mbuzi umemwona toka kule, kwa nini unamkimbilia? Achia mkono mapema, mbuzi atapita mwenyewe."

Somo lote la kubana mafuta kwenye njia ndefu liko hapo, na mengine ni nyongeza. Lakini nyongeza zenyewe mzifuate. Fundi alipaka alama mbili za rangi nyeupe, moja kwenye mkono wa mafuta na moja pembeni yake. Zikikutana, hapo ndipo mwisho wa kuvuta, na mshale wa spidi ulikuwa unasimama kati ya hamsini na sitini. Pale injini inaimba, haipigi kelele. Ukizidi hapo unafika mapema kidogo tu, na unakuta mwenyekiti wa kijiji bado hajanywa chai. Gia ya juu iingizwe mapema, mara pikipiki inapoibeba bila kutetemeka. Tairi zijazwe upepo kila Jumatatu kwa pampu ya mguu, kwa sababu tairi laini ni sawa na kukokota mtu. Kabla ya kuondoka, weka stendi kubwa uzungushe gurudumu la nyuma kwa mkono. Likisimama upesi, breki inashika au cheni imekaza mno. Sponji la chujio la hewa lifuliwe kwa sabuni, likauke, lipakwe oili kidogo. Vumbi jekundu la Nanyamba likiziba pale, pikipiki inakunywa mafuta mengi na kuvuta kidogo, kama watu fulani tunaowafahamu.

Na kwenye miteremko msizime injini mkaiacha pikipiki iteremke na gia yake. Bwana mifugo wetu mmoja alipenda sana ujanja huo. Kwa zile pikipiki za zamani, oili iliingia pamoja na petroli. Ukifunga mafuta huku gurudumu bado linaizungusha injini, umeinyima oili. Pistoni ikashika, tairi ya nyuma ikagoma, naye akaingia kwenye shamba la muhogo kwa kichwa. Muhogo wa watu haukumwelewa.

Kitu cha mwisho kilikuwa nguo. Jioni nikirudi upepo wa bahari unanipokea usoni kuanzia Naliendele, na gauni langu na mtandio vinajaa upepo. Fundi alinitazama siku moja nikiingia Chikongola, akasema, "Umevaa tanga." Nikashona suruali pana na koti la kubana, ushungi nikauingiza ndani ya kola. Mama alinuna wiki nzima. Nilimwambia ni amri ya ofisi, Mungu anisamehe, na mwisho alizoea.

Baada ya miezi miwili mafuta ya wiki yalifika Ijumaa, na yakabaki. Nilipopangiwa safari ya Mahurunga kuangalia mashamba ya kule bonde la Ruvuma, nilikwenda na kurudi bila kugusa koki. Nilikwenda kumringia fundi. Hakusifu. Alinipa kigoda, akasema jambo ambalo nimeliweka moyoni hata leo.

"Ile rezerva usiihesabu, mwanangu. Nilipovuka mto nilikuwa na mguu umevimba. Kuna mtu alinibeba kwa piki toka Mahurunga mpaka hospitali, simjui hata jina. Alikuwa na gazolina ya kunibeba kwa sababu hakuimaliza kwenye mambo yake. Ile ya chini si yako. Ya mtu utakayemkuta njiani."

Nilimwambia kwetu tunasema riziki mafungu saba. Akasema, basi fungu hilo moja muachie mwenzio.

Sasa nije kwa Bi Somoe, maana msidhani naandika haya ili mnisifu.

Bi Somoe alikuwa mjane, kijiji kimoja mbele ya Nanyamba. Mumewe alimwachia mikorosho arobaini. Shemeji yake, Mzee Mfaume, aliitaka. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye watoto wengi na mikorosho michache. Wazee walikaa wakakata shauri: Bi Somoe aitunze. Msimu mmoja ulikuwa umeshaharibika kwa ubwiri unga. Ukiharibika wa pili, itaonekana shamba limemshinda, na mikorosho itarudi kwenye ukoo wa marehemu.

Ninyi mnajua ubwiri unga. Unaingia kwenye maua, maua yanakauka, korosho hazipo. Dawa ni salfa ya unga, nayo inapulizwa alfajiri wakati umande bado uko kwenye majani, ipate kushika. Kikundi cha kijiji kilikuwa na mashine moja ya kubeba mgongoni, wanapokezana kwa zamu, na kila mtu anakuja na petroli yake. Mashine ile ilikunywa mchanganyiko ule ule wa pikipiki yangu. Hivyo niliyokuwa naibakiza njiani niliwapa wale wasio na namna ya kupata: nafungua mpira wa koki, nakinga chupa. Ofisi ilijua, na haikuuliza, na mimi sikuisumbua kwa maelezo.

Mwaka ule petroli iliadimika mjini kwa majuma kadhaa. Maua yalikuwa yameanza kufunguka. Zamu ya Bi Somoe ilikuwa Jumamosi. Nilimwambia mbele ya watu, "Usihangaike na petroli, mama. Nitakuja nayo tumboni mwa pikipiki."

Jumatano ya wiki hiyo mdogo wangu alikuwa anatiwa hina Mikindani, arusi ikiwa kesho yake. Nilichelewa kutoka kikaoni. Nilitoka Nanyamba jua linateremka, na kichwani nasikia ngoma ambazo bado hazijaanza kupigwa. Nikazivusha alama za fundi. Upepo wa mbele, mkono mpaka mwisho, breki kila kona. Karibu na Mikindani pikipiki ikasita. Sikusimama hata. Nikashusha mkono, nikageuza riziki nikiwa kwenye mwendo, nikaenda zangu kucheza. Niliimba mpaka sauti ikakauka. Haraka haina baraka tunawafundisha watoto, halafu tunapanda pikipiki.

Koki sikuirudisha. Hilo tu. Ijumaa ofisini walinigawia lita mbili za mwisho za pipa, nikachanganya oili, nikatia, nikapanda kwenda kwa Bi Somoe nilale huko. Njia nzima niliendesha vizuri mno, mkono umetulia, mbuzi wote nikiwapisha. Pikipiki haikusita hata mara moja. Nikajiambia, kama haijasita basi riziki yangu iko nzima. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angejua: koki ikiwa tayari imegeuzwa, pikipiki haikuonyi. Inakwenda mpaka tone la mwisho.

Alfajiri Bi Somoe alinigongea. "Kuchele, bibi shamba." Mashine ilikuwa uani, salfa imeshatiwa, kijana wa kikundi anayeibeba amejifunga kitambaa usoni. Mzee Mfaume naye alikuwepo, amekuja kuangalia, haki yake. Nikachomoa mpira, nikakinga chupa, nikashika koki niigeuze.

Ilikuwa imeshageuka.

Kilichotoka kilijaza kikombe kimoja cha chai, halafu matone, halafu hakuna. Bi Somoe akauliza, "Imeziba?" Nikasema, "Haijaziba, mama." Nikakumbuka kwamba tangi la pikipiki limekaa kama tandiko la punda, lina pande mbili, na upande usio na koki hubakiza kidogo. Tukailaza pikipiki ubavu, wanawake wawili na yule kijana, tukaiinua, tukapata nusu kikombe kingine. Tukailaza tena, hatukupata kitu. Umande ulikuwa unakauka tukiwa tunautazama.

Mashine ilipuliza mikorosho kumi na mmoja, ikazima. Asubuhi ile hapakuwa na petroli kijiji kizima ya kuazima, kila mtu alikuwa ameificha kwa zamu yake, na sikuwalaumu. Mashine ikaenda kwa mwingine. Mimi nilirudi mjini kwa lori la muhogo, pikipiki imelala nyuma kama mgonjwa. Petroli ilipopatikana tulipuliza shamba lote, tena na tena, lakini kwa ile ishirini na tisa maua yalikuwa yameshakuwa meusi.

Wakati wa kuokota wazee walikaa uani kwa Bi Somoe. Mzee Mfaume alizungumza kwa adabu. Alisema hana ugomvi na shemeji yake, ila mti haudanganyi, kila mtu ameona, shamba limemshinda.

Bi Somoe alijibu, "Twendeni mkatazame ule mstari wa mbele. Ile kumi na mmoja nani kaitunza?"

Ilikuwa imezaa mpaka matawi yameinama. Wazee wakatazamana. Mmoja akauliza, kama hii ameiweza, ile ilikuwaje? Bi Somoe hakunitazama. Angeweza kunitaja na hakunitaja. Alikuwa anafagia kwa mguu makorosho yaliyodondoka, na mimi nilikuwa nimesimama pembeni na daftari langu la serikali.

Nikasema, "Wazee wangu, haikumshinda yeye. Mimi nilimwahidi petroli mbele yenu. Niliimaliza njiani kwa kukimbilia hina ya mdogo wangu. Nilifungua riziki, nikasahau kuifunga. Kosa ni langu mimi bibi shamba."

Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka. Mzee mkubwa kuliko wote, nang'olo kama Wamakonde wanavyomwita mzee wa heshima, alisema, "Umesema vizuri, binti. Lakini sisi shauri tulilikata kwa mikorosho, hatukulikata kwa petroli."

Wakaigawa. Kumi na mmoja ibaki kwa Bi Somoe maisha yake yote, asiulizwe tena na mtu. Ishirini na tisa iende kwa Mzee Mfaume. Bi Somoe akasema, "Nimeridhika," akaingia ndani. Nilimfuata kuomba radhi, nikamkuta anapepeta korosho. Akanisogezea ungo mwingine nikae nimsaidie. Nililia juu ya ungo ule, na yeye akaniacha nilie, kisha akaniambia nisilowanishe korosho.

Nilipomweleza Fundi Anselmo hakunipiga kofi la bega. Alichukua brashi akazipaka upya zile alama mbili, halafu akaongeza ya tatu, nyekundu, kwenye koki, ili nikiinama nione kama imegeuzwa. "Kabla ya kupiga kiki, tazama hapa," akasema. Miaka yote iliyobaki nilitazama hapo. Yeye alifariki miaka ya elfu mbili ikiwa imeshaanza, akazikwa Mtwara, na banda lake sasa wanauza vocha za simu. Nikipita Chikongola bado naangalia pembeni kutafuta lile kopo la rangi, na moyo unaniuma.

Ile pikipiki ya buluu iliondolewa, nikapewa nyingine isiyotaka oili kwenye petroli, nzuri zaidi, isiyo na harufu. Nikaipaka alama zile zile mwenyewe. Mnazijua, mlizikuta, na mmoja wenu alizisugua kwa tina ya kuondolea rangi akidhani ni uchafu. Arudishie.

Kila msimu nilipita kwa Bi Somoe na chupa yake. Hakuwahi kunikumbusha, nami sikuwahi kusahau. Kumi na mmoja haikumfanya tajiri. Ilimtosha, kwa mtu anayejua kutosheka, lakini ishirini na tisa ilikuwa inaonekana kutoka mlangoni kwake, na kila msimu alikuwa anasikia wajukuu wa Mzee Mfaume wakiokota.

Wiki niliyostaafu aliletwa kwa basi mpaka Mikindani, mzee sasa, fimbo mkononi. Alinishikisha mfuko wa korosho zilizobanguliwa kwa mkono, nyeupe, hazina hata moja iliyoungua.

"Za ile kumi na mmoja," akasema. "Umebeba petroli yangu muda mrefu, bibi shamba. Sasa pumzika."

Nilimkalisha, tukanywa chai. Alipoondoka nilizitia kwenye chungu. Nimekuwa nikizila tangu siku hiyo, kidogo kidogo, na nyinyi mlipokuja mlikula pia. Mara ya tatu mliona nimefunika chungu, mmoja wenu akanong'ona kwamba bibi shamba amekuwa mchoyo. Si uchoyo. Zimebaki zile za chini, nazo si zangu.